Siku moja kazini: natafuta kilichofukiwa chini ya mtaa mmoja Malindi mjini

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nikasema nachunguza viwanja, wengi hudhani mimi ni sveya au dalali, kwa hivyo leo acha niwaandikie siku nzima vile ilivyokwenda. Kuna mtu ataka kujenga gorofa katikati ya mji, nyuma ya maduka ya nguo, na chini yake ataka maegesho ya magari, manake watachimba. Kabla tingatinga halijafika mimi natakiwa nijue ile ardhi ilifanyiwa nini miaka hamsini sitini iliyopita na kama kuna sumu iliyobaki.

Saa moja asubuhi niko mezani na mahamri na mbaazi, laptopu iko wazi. Picha za satelaiti hazinisaidii sana kwa mambo ya zamani, kwa hivyo nategemea picha za zamani zilizopigwa kutoka ndegeni, zile tulizoagiza Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya ramani kule Ruaraka, Nairobi. Ni za rangi nyeusi na nyeupe, na ukizivuta karibu zinaanza kuwa ukungu, lakini kwenye kona ya huu mtaa naona uwanja mtupu mweupe, kijibanda kidogo katikati, na njia mbili, moja ya kuingia kutoka barabara hii na nyingine ya kutokea barabara ile. Nani huachia kona nzuri namna hiyo iwe wazi, tena katikati ya mji? Nikaandika kwenye daftari: pampu ya petroli? Wenzetu Marekani hapa wangefungua ramani za Sanborn basi, zile kampuni ilianza kuchora 1867 kwa ajili ya bima ya moto, zinakuonyesha jengo kwa jengo, hili la matofali, hili la mbao, tangi la mafuta liko wapi. Sisi hatuna kitu kama hicho kwa Malindi, lazima uunganishe vipande mwenyewe.

Saa tatu niko ofisi ya ardhi. Foleni. Kufanya sachi ya mwenye kiwanja wa leo ni rahisi, kazi ni kurudi nyuma, na huku pwani viwanja vingi vya mjini vina makaratasi ya tangu ile sheria ya hatimiliki ya 1908, kwa hivyo faili huwa nene na karatasi zake zinamomonyoka ukizishika vibaya. Sasa sikilizeni, faili ya ardhi itakwambia nani alimuuzia nani, nani alirithi, nani aliweka rehani, lakini haikwambii watu walifanya nini pale juu. Ujanja ni kuangalia makodisho. Nikapitia ukurasa kwa ukurasa mpaka nikaipata, kodisho la miaka ya sitini, kipande cha kona tu, na aliyekodi ni kampuni ya mafuta. Hapo nilifurahi kabisa, yule karani akaniangalia akacheka.

Saa tano jua limeshakuwa kali, nikaenda kiwanjani kwa miguu. Ukifika leo utaona maduka, M-Pesa, mtu wa juisi ya miwa, hakuna hata alama ya petroli. Lakini nyuma, kwenye uchochoro, kuna bomba la chuma limepanda na ukuta mpaka juu ya paa, lina kutu, halijaungwa na choo wala na mfereji, na juu limepindwa kama mpini wa bakora ili mvua isiingie. Hilo ni bomba la kupumulia tangi. Bomba likiwepo, mara nyingi na tangi liko chini. Nikapiga magoti nikaangalia sakafu, kuna kiraka cha zege cha mraba kisichofanana na zege la pembeni, na kimebonyea kidogo. Nikapiga picha, nikapima kutoka ukutani, nikachora.

Baada ya sala ya adhuhuri nikaenda barazani kwa wazee, na hii ndiyo sehemu naipenda kuliko zote. Nilikuwa nimeelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye ulokuwa ukipiga picha ukuta?"

Habari zishafika! Nikamweleza, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuonyesha kwa bakora. Pampu zilikuwa hapa, gereji pale, na pale penye duka la viatu palikuwa pakichajiwa betri. Nikamuuliza asidi ya betri mbovu mlikuwa mkiipeleka wapi. "Twamwaga shimoni, tungeipeleka wapi? Na oili chafu twanyunyiza uwanjani vumbi lisipande." Hakuficha chochote, wakati ule kila gereji ilifanya hivyo na hakuna aliyewaambia vingine. Hakuna ofisi yoyote yenye karatasi ya lile shimo, liko kichwani mwa yule mzee tu, na wazee wenyewe wanapungua.

Kwa nini nashikilia sana hilo shimo? Asidi ya betri mbovu hubeba risasi, yaani lead, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri. Na kwa nini naiogopa hivyo? Kwa sababu ya Owino Uhuru kule Mombasa, ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri kilisumisha mtaa mzima, watoto wakaumia, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru watu walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi haiozi. Inakaa kwenye udongo, mtoto anacheza anaweka mkono mdomoni. Na hata petroli yenyewe huku kwetu ilikuwa na risasi mpaka 2006 ilipoondolewa, na pampu hii ilifungwa zamani sana kabla ya hapo.

Saa tisa nikatafuta visima. Malindi chini ni mchanga na mawe ya matumbawe, petroli ikivuja inashuka upesi, ikifika kwenye maji inaelea juu yake na kutembea nayo. Nyumba ya nyuma nikamkuta mama mmoja akifua.

"Mamangu, maji haya mwayanywa?"

"La, ya kunywa ni ya mfereji. Lakini mfereji ukikauka tutafanyaje?"

Nikateka ndoo, nikanusa. Ilikuwa na harufu, hafifu sana, na pua si maabara. Shirika la Afya Duniani linasema benzini isizidi mikrogramu 10 kwenye lita moja ya maji ya kunywa, kiasi kidogo mno, huwezi kukionja, kwa hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama.

Saa kumi na moja naandika ripoti na simu ikaita, mwenye mradi. Alitarajia aya moja tu, kwamba kiwanja ni kisafi, manake ripoti nyingi za mazingira hueleza jengo litaharibu nini mbele, mambo ya nyuma hupewa mistari miwili. Nikamwambia hapana bosi, kwanza tutafute tangi, tuchimbe vishimo vya sampuli pale penye kiraka na pale kwenye shimo la betri, na maji ya kisima yaende maabara. Akauliza gharama, nikamtajia. Akauliza na wafanyakazi wakichimba bila kupima je, nikamweleza mvuke wa petroli kwenye shimo refu unaweza kulipuka kwa cheche moja. Akanyamaza, akasema haya, leta kotesheni.

Saa mbili usiku nikampigia yule mama, nikamwomba kile kisima wasikinywe wala wasikipikie mpaka majibu yatoke, hata mfereji ukikauka, na yakitoka nitamletea mwenyewe nyumbani. Alhamisi tunaenda kuchukua sampuli.