Konokono wa bwawani kwetu naye ni mgonjwa

Jumapili nilikuwa Muheza kwa bibi, nimekaa zangu chini ya mchungwa, mara mpwa wangu huyo mbio na konokono watatu kwenye upawa, "mjomba, wa kichocho ni yupi hapa?" Shuleni kwao walishapewa dawa, ile unasimamishwa kwenye fimbo unapimwa urefu ndo wanajua unywe vidonge vingapi, na akasikia konokono ndo chanzo.

Swali zuri sana, maana watu wazima wengi kwetu wanajua konokono wa maji ni konokono basi, wote wabaya. Nikamwambia kwanza kanawe na sabuni, alafu nikawapanga. Mmoja mrefu mwembamba kama msumari, huyo ana kifuniko kigumu mlangoni, akijificha anafunga. Hao wengi wao majike na wanazaa bila dume, unakuta wamejaa kwenye tope wala hawana habari na kichocho. Wa pili mkubwa wa mviringo, naye ana kifuniko, ndo wale korongo wanawafuata mabwawani. Wa tatu kadogo, kama punje ya hindi, rangi ya kahawia, hana kifuniko kabisa. Ukimshika ncha juu na mdomo unakutazama, mdomo uko kushoto. Huyo sasa, kitaalamu anaitwa Bulinus. Ila kushoto peke yake haitoshi jamani, yule mkubwa wa mviringo nae mdomo wake kushoto, kwa hiyo angalia na kifuniko.

Sasa kitu ambacho nataka watu wa kwetu wakielewe ni hiki, yule mdogo hazaliwi na kichocho. Sisi ndo tunampa. Mtu mwenye minyoo ya kichocho anakojoa bwawani, mayai yanatoka na mkojo, yakikuta maji yasiyo na chumvi yanaanguliwa, kile kidudu kinachotoka kina masaa machache tu ya kumtafuta konokono wake, akimkosa anakufa. Akimpata anaingia mwilini mwake, anazaliana humo wiki nne mpaka sita hivi, na konokono wengi wakishaambukizwa wanaacha hata kutaga, nguvu yote inaliwa na mgeni. Baada ya hapo kila siku jua likipanda konokono anatoa vidudu vyenye mkia wa panda, mamia kwa mamia, na vya kichocho cha mkojo vinatoka zaidi mida ya saa 6 mchana. Saa hizo hizo watoto ndo wako majini! Vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, hata haihitaji kidonda. Huko Misri daktari mmoja Mjerumani, Bilharz, alimuona mnyoo mwenyewe mwaka 1851, lakini njia ya kupitia konokono mtaalamu wa minyoo Mwingereza, Leiper, aliionesha huko 1915, yaani miaka 64 watu wanajua mnyoo upo ila hawajui unapita wapi.

Mimi mwenyewe nimekojoa damu nikiwa darasa la tatu, na wenzangu wakanipongeza kwamba nimekuwa mwanaume. Ninapokumbuka hilo naumia, kwa sababu kumbe yalikuwa mayai yanachana kibofu.

Mwaka fulani alikuja jamaa mmoja kijijini anasema tumwage sumu bwawani tumalize kazi. Sisemi dawa ya kuua konokono isitumike popote, wataalamu wanaitumia kwa vipimo, ila kumwaga kiholela nilikataa na bado nakataa. Samaki watakufa, vyura watakufa, na yule mdogo ana ujanja, bwawa likikauka kiangazi anajichimbia kwenye tope anasubiri masika, na akibaki mmoja tu anaweza kujipandisha mbegu mwenyewe akajaza bwawa upya. Wakati huo umeshaua waliokuwa wanamla. Lava wa kerengende wanamla, kunguni wa maji wanamla, ruba wengine wanamla, na kamba wa mtoni ndo kiboko yao. Kule Senegali walipojenga bwawa la Diama karibu na mdomo wa mto, miaka ya 80, kamba wakakatiwa njia maana lazima washuke kwenye maji ya chumvichumvi kuzaa, na kichocho kikalipuka juu huko. Ndo maana kila nikiona mtu anaziba kijito chote kwa udongo roho inaniuma.

Basi jioni ile tukaenda na mpwa wangu, tumevaa mabuti, tukageuza majani ya mayungiyungi. Chini ya majani tukakuta vifuko vya mayai kama jeli, na pembeni lava wa kerengende wawili wanene. Mtoto akafurahi kuliko nilivyotegemea.

Bibi nilimwambia maji ya bwawani yakishachotwa yakae kwenye pipa siku mbili, konokono asiwemo, ndo aoge, vile vidudu haviishi muda huo. Akasema sawa, lakini je vijana wanaokojoa pale kwenye mteremko? Tumekubaliana shimo la choo lichimbwe upande wa juu kule, mbali na maji, majirani wawili wameshajitolea matofali. Jumamosi narudi na sepetu.