Amri mpya za prosesa kwenye asembla ya zamani

Ukijenga programu na kupata ujumbe `Error: no such instruction`, ujumbe huo unatoka kwenye asembla (programu inayogeuza amri zilizoandikwa kwa maneno kuwa baiti za prosesa), prosesa bado haijahusika. Kompaila ya GCC huandika msimbo wa asembli kisha huukabidhi kwa `as`, asembla iliyo ndani ya kifurushi cha binutils. Ukiweka GCC mpya juu ya binutils kuukuu, kompaila itaandika amri ambayo asembla haiijui. Kwa hiyo ijaribu `as` yenyewe, hapa kwa RDSEED, amri ya kuiomba prosesa namba nasibu:

```
echo 'rdseed %rax' | as -o /dev/null -
```

Jaribio hili nalipendelea kuliko kusoma namba ya toleo, kwa sababu wasambazaji wa Linux hurudisha viraka vipya kwenye matoleo ya zamani. Na usimlaumu anayebaki na zana hizo: programu iliyojengwa kwa glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) ya zamani huendeshwa kwenye mfumo mpya, lakini kinyume chake mara nyingi hugoma. Ndiyo maana CentOS 7 na GCC yake 4.8.5 bado vinajengewa programu.

Kama unahitaji amri moja au mbili tu, andika baiti zake mwenyewe:

```
static inline int soma_rdseed(unsigned long *v)
{
    unsigned char ok;
    asm volatile(".byte 0x48,0x0f,0xc7,0xf8\n\tsetc %1"
                 : "=a"(*v), "=q"(ok) : : "cc");
    return ok;
}
```

0x48 inaagiza upana wa biti 64, na 0x0f,0xc7 pamoja na biti za juu za 0xf8 ndiyo amri. Katika 0xf8, biti tatu za mwisho ni namba ya rejista: 0 ni rax, hivyo rbx ingekuwa 0xfb. Kwa vile rejista imefungwa ndani ya baiti, lazima kompaila iambiwe `"=a"`. Ukiweka `"=r"`, itachukua jibu kwenye rejista nyingine na utapata takataka bila kosa lolote kuonekana. Kwa `ok` nimeepuka `"=qm"` makusudi: anwani ya kumbukumbu ingeweza kukaa ndani ya rax, ambayo RDSEED inaifuta. Kazi hii ikirudisha 0, thamani haikupatikana, jaribu tena.

Kukubaliwa na asembla hakumaanishi kwamba prosesa ya mtumiaji inaijua amri. Hilo huulizwa programu inapoendeshwa, kwa CPUID, amri ambayo prosesa huitumia kutaja uwezo wake, majibu yakiwa yamepangwa kwa majani na matawi: RDSEED ni jani la 7, tawi 0, biti ya 18 ya EBX. `__get_cpuid_count` haipo kwenye GCC 4.8, tumia `__cpuid_count`, baada ya kuhakikisha `__get_cpuid_max(0, NULL)` inafika 7. Kwa AVX (amri za kuchakata namba nyingi kwa mpigo) biti ya prosesa haitoshi. Angalia OSXSAVE (jani la 1, ECX, biti ya 27), inayoonyesha kwamba mfumo endeshi umeruhusu XGETBV, kisha endesha XGETBV yenyewe, amri inayosoma ni rejista zipi mfumo unahifadhi, `.byte 0x0f,0x01,0xd0`, ecx ikiwa 0. Biti 1 na 2 za EAX zote lazima ziwe zimewashwa, la sivyo mfumo endeshi hauhifadhi rejista za AVX.

Kuna amri ambazo ukiruka ukaguzi haziangushi programu, na hizo ndizo za kuogopwa zaidi. LZCNT, inayohesabu sifuri zilizo mbele ya biti ya kwanza yenye 1, ni F3 0F BD. Prosesa isiyoijua huipuuza F3 na kutekeleza BSR, inayotoa nafasi ya biti hiyo: kwa ingizo la 1 la biti 32, LZCNT hutoa 31, BSR hutoa 0. Hakuna SIGILL (ishara inayosimamisha programu yenye amri isiyojulikana), ni hesabu mbovu tu. Biti yake ni ya 5 ya ECX, jani 0x80000001.

Kwa vitanzi vizima vya AVX-512 achana na baiti za mkono. Tumia devtoolset, kifurushi cha zana za kujengea programu kwenye CentOS 7, inayoleta GCC na binutils mpya huku glibc ikibaki ileile. Faili linalojengwa kwa `-mavx2`, chaguo linaloiruhusu GCC kutumia amri za AVX2, lisiingize vichwa vyenye kazi za `inline` zinazotumika kwingine: linka (inayounganisha mafaili kuwa programu moja) huweza kubakiza nakala yenye AVX2 kwa programu nzima, nayo ikaanguka kwenye prosesa ya zamani mahali ambapo hakuna aliyeomba AVX2. Ndani ya faili hilo, kila kazi saidizi iwe `static`.