Kumchora George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, juu ya farasi, shambani kwake

Picha ya mpanda farasi haiharibikii usoni. Huharibikia kiunoni, kwenye tandiko na miguu ya mnyama. Uso unaweza kufanana kabisa, mtu akaonekana amebandikwa tu mgongoni.

Mwanza farasi ni adimu, kwa hiyo wengi humtazama punda. Punda anafaa kufundisha kivuli cha tumbo na namna kwato inavyokanyaga, basi. Mkia wake una nywele ndefu nchani tu. Wa farasi umejaa singa tangu juu. Kwa vipimo, tumia kichwa cha farasi mwenyewe: kutoka ardhini hadi juu ya mabega ni karibu vichwa viwili na nusu, na kutoka kifuani hadi matakoni vivyo hivyo. Kiungo cha mguu wa nyuma tunachokiita goti ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Wanaokosea hapo huchora farasi anayekaribia kuketi.

Washington alizidi futi 6. Mshushie vikuku vya kukanyagia vya tandiko, goti likunjwe kidogo tu. Wengi humpandisha farasi mweupe, na kweli farasi wake Blueskin alikuwa wa kijivu, ila katika vita vya uhuru wa Marekani Washington alimtegemea zaidi Nelson, wa kahawia-nyekundu, kwa kuwa hakushtushwa na mizinga. Inasimuliwa kwamba baada ya vita Nelson hakupandwa tena. Kwa hiyo picha ya Mount Vernon, shamba la Washington huko Virginia, ya miaka hiyo imwonyeshe malishoni, bila tandiko, na bwana wake juu ya farasi mwingine. Wasisahaulike waliolima shamba hilo: mwaka 1799 watumwa walikuwa 317. Picha ya shamba tupu inadanganya.

Nyumba inaonekana ya mawe, kumbe ni mbao zilizochongwa kingo, zikapakwa rangi na kurushiwa mchanga rangi ikiwa mbichi. Usizipe uzito wa majabali yetu ya Capri Point. Baraza yenye nguzo 8 inatazama mashariki, mtoni Potomac, hivyo alasiri kivuli cha nyumba huangukia upande huo. Tena jua la Virginia halifiki utosini kama letu. Hata saa sita mchana farasi ana kivuli, nacho huelekea kaskazini.

Ukitumia rangi ya mafuta, tabaka za kwanza zizimuliwe kwa tapentaini, mafuta ya kitani yaongezwe kadiri unavyopanda juu. Ukigeuza mpangilio, juu hukauka kabla ya chini, na picha hupasuka. Wakati wa masika, unyevu wa ziwa ukizidi, ongeza siku za kusubiri kati ya tabaka.