Amani Katika Siku Zangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo ya juma hili: 2 Wafalme 20:12–19 na Ezekieli 18:1–4.

Jumatano kwenye kipindi cha Biblia, kijana mmoja wa kwaya aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alikuwa akisoma habari za vita vya Iraq kwa ajili ya masomo yake ya chuo, akakutana na jibu alilotoa Rais George W. Bush tarehe 21 Machi 2006. Mwandishi wa habari alitaka kujua kama itafika siku askari wa Marekani wasiwepo tena Iraq. Rais akasema hilo wataliamua marais watakaokuja, pamoja na serikali za Iraq zitakazokuja.

"Mzee," kijana akaniambia, "vita kavianzisha yeye, na bado ana karibu miaka mitatu ikulu. Halafu anasema atakayekuja ataamua. Ni haki hiyo?"

Nilimkwepa. Nikamwambia turudi kwenye somo la siku. Kumbe somo lenyewe lilikuwa Hezekia.

Mnamfahamu Hezekia. Hakuwa mfalme mbaya. Wachache katika Yuda wamesifiwa kama yeye. Ndiye aliyeingiza maji mjini Yerusalemu kwa mfereji. Alipougua akageuza uso ukutani, akalia, na Bwana akamwongezea miaka 15. Kisha wakaja wajumbe kutoka Babeli na barua na zawadi, wamesikia alikuwa mgonjwa. Mzee wa watu akafurahi kupita kiasi, akawafungulia ghala zote: fedha, dhahabu, manukato, mpaka nyumba ya silaha. Isaya akamwambia kwamba siku zinakuja ambapo vyote hivyo vitabebwa kwenda Babeli, na baadhi ya wanawe mwenyewe watafanywa matowashi katika jumba la mfalme wa huko.

Hapo mtu angelia tena, ageuze uso ukutani kama mara ya kwanza. Hezekia akasema neno la Bwana ni jema. Moyoni alikuwa amepiga hesabu yake: siku zangu mimi zitakuwa na amani.

Nasi tupige hesabu. Manase, mwanawe, alianza kutawala akiwa na miaka 12. Baba aliongezewa miaka 15 na wajumbe walikuja baada ya kupona kwake. Kwa hiyo, siku Hezekia alipolikubali neno lile, mtoto ambaye angekaa kwenye kiti chake alikuwa hajazaliwa bado. Ni rahisi mno kumwachia mzigo mtu ambaye hana hata sura. Na huyo Manase ndiye Mambo ya Nyakati inasema alipelekwa Babeli akiwa amefungwa pingu.

Magofu ya Babeli, kwa wasiojua, yako Iraq hiyo hiyo, kusini mwa Baghdad.

Turudi kwa Bush. Wamarekani wengi walikasirika. Tayari Agosti 2005 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe vitani alikuwa amepiga kambi karibu na shamba la rais huko Texas, akitaka aambiwe mtoto wake alikufa kwa sababu gani. Novemba 2006 chama cha rais kilipoteza mabunge yote mawili. Januari 2007 rais akaongeza askari zaidi ya 20,000. Alipoondoka Januari 2009, Wamarekani zaidi ya 4,000 walikuwa wamekufa, na Wairaki wengi kuliko hao mara nyingi sana. Barack Obama aliwaondoa askari Desemba 2011; mwaka 2014 wakarudi. Sisemi Bush angewaondoa kesho yake asubuhi na mambo yakatulia. Huenda yangechafuka zaidi. Ila kukiri kwamba jambo ni gumu hakumfanyi mtu aliyelianzisha kuwa mpita njia.

Na anayepokea naye ana yake. Richard Nixon alipokea vita vya Vietnam kutoka kwa Lyndon Johnson Januari 1969. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita vile, na zaidi ya 20,000 kati yao walikufa baada ya makabidhiano. Huwezi kumtaja mtangulizi wako milele.

Ndiyo maana nimeweka somo la Ezekieli pamoja na la Hezekia. Watu wa Yuda, wakiwa sasa huko huko Babeli, walikuwa na mithali yao: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Kwa sisi wa Dodoma hii haihitaji mhubiri. Mtoto wa Mpunguzi au Hombolo aliyewahi kuchuma zabibu kabla hazijaiva anajua meno yanavyokuwa. Hata ugali unautafuna kwa shida. Bwana aliwakataza wasiitumie tena mithali ile. Hakusema watoto hawaumii. Alisema kila mtu atahukumiwa kwa lililo lake.

Ugogo tuliwahi kuumia kwa zabibu za wengine. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zikagoma. Ikaja njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Wakubwa wa Ulaya walinyamazisha bunduki Novemba 1918, lakini huku watu waliendelea kufa kwa njaa mpaka karibu 1920. Hakuna Mgogo aliyeulizwa kama anaitaka vita ile.

Sasa niseme la kwangu, maana hapa makao makuu tumezoea makabidhiano ya ofisi: picha, tabasamu, faili mezani. Zamani, katika kanisa nililokuwa nikiabudu, nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Tulichukua mabati na saruji kwa mali kauli. Kufikia Septemba nilijua hatuwezi kulipa, na muda wangu ulikuwa unaisha Desemba. Nikaanza kuahirisha vikao. Leo mvua, kesho msiba. Kwenye taarifa ya makabidhiano nikaandika "madeni madogo madogo" bila tarakimu.

Aliyenipokea alikuwa mama mmoja, mwalimu. Januari mwenye duka akabisha hodi kwake. Waliendesha minada baada ya ibada karibu mwaka mzima: kuku, mahindi, karanga. Mimi nilinunua jogoo kwa bei ya juu, watu wakanipigia makofi. Nikainua mkono kuwashukuru.

Baada ya kipindi kile cha Jumatano sikulala vizuri. Alhamisi nilimpigia simu yule mwalimu, amestaafu sasa. Nikamweleza yote, Septemba, vikao, taarifa, na jogoo pia. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka.

"Mzee wangu, mbona nilijua tangu Januari ile? Karatasi ya dukani ilikuwa na sahihi yako na tarehe. Nilikuwa nangoja useme."