Flashi moja badala ya mfuko mzima

Boti za kwenda vijiji vya kaskazini ya Gombe huondoka Kibirizi, hapa Kigoma, mchana na kurudi alfajiri ya siku ya pili. Ukifika huko jioni ukagundua kuwa kifaa chako umekisahau dukani Mwanga, huna la kufanya ila kutafuta pa kulala.

Nililijua hilo na bado nilisahau. Mimi ni fundi kompyuta, na shule moja ya huko iliniita kwa sababu kompyuta ya ofisi ya taaluma, ile yenye matokeo ya wanafunzi, ilikuwa inawaka na kuishia kwenye skrini nyeusi. Nikabeba mfuko wangu wa flashi kama kawaida: ya GB 8 yenye Windows 7, ya GB 16 yenye Windows 10, moja ya Linux, na mbili ambazo maandishi niliyoyaandika kwenye plasta yalishafutika kwa jasho. Flashi ya Hiren's, ile inayowasha mashine bila kugusa diski yake, ilibaki dukani imechomekwa kwenye laptopu ya mteja. Ya Windows 10 nilikuwa nimeitengeneza kwa ajili ya bayosi za zamani, bayosi ikiwa ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, na mashine ya shule inakubali UEFI tu, yaani ile ya kisasa. Haikuiona kabisa.

Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, alinitazama nikichomoa flashi ya tatu na kuchomeka ya nne. Akasema taratibu, "Mwanangu, kama imeshindikana sema tu, usione haya." Alfajiri nikarudi Kibirizi na ile sipiyu nimeifunga kwa kanga aliyoniazima, juu yake mfuko wa naironi, nimeipakata katikati ya magunia ya dagaa. Dukani kazi yenyewe ilichukua kama dakika 20: mafaili ya kuwashia yalikuwa yameharibika, diski yenyewe haina tatizo. Nauli ya kuirudisha niliitoa mfukoni mwangu, maana kosa lilikuwa langu.

Wiki hiyohiyo nikaamua kuachana na mfuko. Kwa miaka nilikuwa natumia Rufus, programu nzuri tu ya kutengenezea flashi za kuwashia, lakini kwa namna niliyokuwa naitumia, flashi moja ilibeba mfumo mmoja, na kila ukitaka mwingine unafuta uliokuwepo. Fundi mwenzangu wa Kasulu ndiye aliyenitajia Ventoy. Nayo ni programu ya kazi hiyohiyo, ya bure. Unaiweka kwenye flashi mara moja tu, nayo inaigawa sehemu mbili: kijisehemu cha MB 32 kinachoshughulika na kuwasha, na sehemu kubwa iliyobaki ambayo ni yako. Humo unatupia mafaili ya ISO, yaani mfumo mzima uliofungwa ndani ya faili moja, kama unavyotupia nyimbo, bila kufungua chochote. Ukiwasha mashine, inakuorodheshea yote na unachagua. Sehemu hiyo kubwa hufomatiwa kwa mpangilio wa exFAT, na hilo si jambo dogo, kwa sababu FAT32 tuliyoizoea haipokei faili linalozidi GB 4, wakati ISO za Windows za sasa zimepita GB 5.

Sasa flashi yenyewe. Nikanunua ya GB 64 kwa mtu anayepanga vitu mezani, akataka 20,000, tukashuka hadi 12,000. Nilijiona mjanja. Nikaweka Ventoy, nikanakili ISO 5, zote zikaingia bila kulalamika. Ya kwanza ikawaka vizuri. Ya pili ikaanza ikakwama. Ya tatu ikasema faili limeharibika. Nikailaumu Ventoy, nikaipakua upya, nikabadilisha tundu la USB, nikabadilisha hadi kompyuta. Siku 2 zikapotea hivyo.

Mwishowe nikaendesha H2testw, programu ndogo inayojaza flashi kwa mafaili yake kisha inayasoma tena kuona kama yamebaki yalivyoandikwa. Inachukua muda, niliiacha nikaenda kula ugali na migebuka nikarudi bado inahesabu. Jibu lilikuwa hili: flashi ilikuwa na GB 8 za kweli. Zilizobaki ni uongo ulioandikwa kwenye chipu, na chochote kinachopita hapo kinapotea kimyakimya. Siku hizi hata flashi ya kufungua kutoka kwenye pakiti naipima kwanza. Nilipata nyingine ya GB 64 kwa bei isiyo na mzaha, kompyuta ikaionyesha kama GB 59 na kitu, ambayo ni sawa kwa sababu Windows inahesabu kwa namna nyingine na ile ya kiwandani.

Kuiweka Ventoy ni kubofya mara chache, ila kuna sehemu moja ya kuogopa. Inafuta kila kitu kwenye diski uliyoichagua, na orodha yake inaonyesha pia diski ya nje uliyoisahau imechomekwa. Mimi huchomoa kila kitu kibaki kile kimoja. Toleo jipya likitoka unachagua kusasisha badala ya kuweka upya, na ISO zako hazifutwi.

Kupakua ISO nilifanya kwa bando za usiku, faili moja au mawili kwa usiku, na umeme ukikatika unashukuru kama programu ya kupakulia inajua kuendelea ilipoishia. Kila faili likiisha nalihakiki: kwenye Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, unalinganisha ile namba ndefu na iliyoko kwenye tovuti ya wenyewe. Herufi moja ikitofautiana, futa. Windows nachukua ya Microsoft yenyewe. Zile zilizopikwa mitaani, zilizowekewa kila programu unayoitaka na usiyoitaka, nilishaziacha. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 kuja juu zina ufunguo wake wa leseni ndani ya bayosi, ukipiga, yaani ukiweka upya, toleo lilelile inajisajili ikipata mtandao. Kwa nini umpe mteja kirusi kama zawadi?

Humo kuna Windows 10 na 11. Ya 10 nimeibakiza ingawa Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kuwa mashine zisizokubali 11 bado zinaletwa kila wiki. Kuna Hiren's, Clonezilla ya kunakili diski nzima, GParted ya kugawa diski, SystemRescue ya kuokoa mashine iliyokwama, Linux Mint ya Xfce, antiX, Linux nyepesi kwa vile vikongwe vya biti 32, na MemTest86+ ya kupima ramu. Pembeni nikafungua folda ya draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutambua vifaa. Hiyo usiiache: laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, ukipiga Windows unaambiwa hakuna diski, kumbe ipo, inasubiri draiva ya Intel. Kijana mmoja aliletewa ya hivyo akamwambia mteja anunue diski mpya.

Taabu nyingine ilikuwa ile ya kuingia kwenye menyu ya kuchagua mashine iwakie wapi. Dell ni F12, HP ni Esc kisha F9, Lenovo ni F12 au kile kitundu pembeni unachokichokoa kwa pini. Acer nayo ni F12, ila mara nyingi imezimwa, lazima uingie kwanza kwa F2 uiwashe. Na mashine yenye Secure Boot, ulinzi unaokataa kuwasha kitu usichokitambua, mara ya kwanza inakuletea skrini ya bluu yenye maneno ya kutisha. Niliogopa nikazima. Kumbe unaingia humo, unachagua kusajili ufunguo kutoka kwenye diski, unafungua VTOYEFI, kile kijisehemu cha Ventoy cha kuwashia, unachagua lile faili lenye jina refu linalosema kabisa lisajiliwe, basi. Kila mashine mara moja.

Kwa mapato, MemTest86+ ndiyo iliyonilipa mapema kuliko zote, nayo ni faili dogo kuliko yote. Dada mmoja anayeuza mawese kwa jumla alikuja na laptopu inayojizima katikati ya hesabu. Alikuwa ameshapigiwa Windows mara 3 kwa mafundi tofauti, kila mara analipa. Sisi mafundi tuna ugonjwa huo, mashine ikikohoa tu, piga Windows. Nikawasha kipimo, hata dakika 10 hazikwisha mistari myekundu ikaanza kushuka. Ramu moja kati ya mbili ilikuwa mbovu. Nikaitoa, mashine ikatulia, nikamwonyesha ile mistari nilivyoipiga picha. "Kwa hiyo kaka, zile pesa zote nililipia nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Shule ile walinipigia tena baada ya miezi michache, safari hii kompyuta nyingine. Nilipanda boti na flashi moja shingoni kwa kamba, na ya pili ya akiba kwenye soksi, maana sasa naogopa. Diski ilikuwa inakufa, inasoma kwa kusuasua. Nikawasha Hiren's, nikahamisha mafaili ya mitihani kwanza kabla ya jambo lolote, ndipo nikazungumzia diski mpya. Mwalimu mkuu alipita, akachungulia, akauliza, "Leo hutoki na mzigo?" Nikamwambia hapana mama, leo hapana.

Mwalimu wa taaluma alikuwa na flashi yake ya GB 32. Niliipima, ikawa halali, nikamtengenezea Ventoy pale pale, tukaiacha inanakili ISO hadi giza likaingia kwa sababu tundu la ile kompyuta ni la USB 2, la polepole. Tangu hapo akinipigia simu ni kuniuliza tu kitufe cha Acer ni kipi.