Kiuno Kipya cha Datsun ya Baba

Tulikuwa tunarudi kutoka Mtwapa, Agosti 1999, mimi kwenye usukani na Baba kushoto kwangu. Kila tukipanda tuta, nyuma kunalia kama turubai linalopasuliwa. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua. Nikaegesha kando. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa limechimbwa mfereji ubavuni, upana wa kalamu. Baba akainama, akapitisha kidole chake mle mferejini. Hakusema neno, na ule ukimya wake uliniuma kuliko ugomvi.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ambalo Baba alilinunua mkononi mwa mtu mwaka 1978. Kwa watu wa rika lake hilo si gari tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally nalo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena. Baba aliyafuata yote hayo redioni, sikio limegandana na spika.

Mimi nililipenda kwa umbo: boneti refu, paa linaloteremka hadi nyuma. Ila ringi zake za kiwandani zilikuwa nyembamba mno, kipenyo cha inchi 14 na upana wa inchi 4 na nusu, na injini yake ya silinda sita, lita 2.4, inasukuma magurudumu ya nyuma. Nilikuwa nimeona picha za 240ZG, lile lililouzwa Japani kuanzia 1971, madigadi yake, bati linalofunika magurudumu, yamevimba kama misuli. Nikadunduliza miaka miwili, nikanunua ringi za nyuma zenye upana wa inchi 8 na matairi ya upana wa milimita 225. Baba akakubali nilikate gari lake. Hilo nalijua thamani yake sasa kuliko siku ile.

Gereji ya kwanza ilifanya kazi ya haraka. Walipima gari likiwa tupu, limesimama palepale, wakakata bati la nje na kubandika madigadi ya faiba juu yake. Lakini digadi la nyuma la gari lile lina ngozi mbili, ya nje na ya ndani, zinazokutana ukingoni. Ile ya ndani wakaiacha na makali yake wazi. Ndiyo iliyolichana tairi.

Wiki iliyofuata nikalipeleka kwa mzee mmoja Shimanzi, fundi wa bodi. Alizunguka gari mara mbili, kisha akaniuliza, "Mwanangu, waliitoa springi?"

"Hapana, mzee."

"Basi walipima kivuli."

Siku mbili nzima hakugusa nyundo. Alitoa springi za nyuma, akarudisha magurudumu, akaanza kuyainua kwa jeki kidogo kidogo mpaka yakafika mwisho wa safari yake. Kwa ndani hapakuwa na nafasi: sahani inayokaliwa na springi iko jirani kabisa na tairi, kwa hiyo karibu upana wote ulioongezeka ulitokea nje. Juu ya tairi alibandika madonge ya udongo wa kufinyangia, akainua tena, kisha akachoma kila donge kwa msumari kupima unene uliobaki. Pale penye udongo mwembamba alichora kwa chaki. Sijaona kipimo cha kweli kuliko kile.

Ndipo akatoa tangi la mafuta, kwani mdomo wake uko ubavuni nyuma kulia, karibu na pale moto utakapopita. Akapinda nondo ya milimita 6 kufuata mstari wa chaki, huo ukawa ukingo mpya. Ngozi ya ndani aliichana mapande kama maganda ya chungwa, akayakunjua moja moja kuelekea nje hadi yakakutana na nondo. Bati la juu alilifinyanga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga. Kuchomelea akapiga doti moja hapa, nyingine mbali kule, kitambaa kibichi mkononi, maana bati likipata joto mahali pamoja hujikunja. Ndani akapaka rangi ya kuzuia kutu mara tatu. Chumvi ya hewa ya Mombasa haisamehe mshono ulio wazi. Fila, ule udongo wa kusawazishia bati, ilikuwa nyembamba kama ukoko wa wali.

Akanionya pia kwamba nyuma ikishika sana kuliko mbele, pua hukataa kuingia kona. Nikaahidi kutafuta ringi pana za mbele, nikazitafuta kweli.

Siku ya kulijaribu alipakia mifuko miwili ya saruji nyuma, kilo mia, kisha akampa Baba ufunguo. Mimi nikakaa kushoto. Baba alizima redio, akashusha kioo, akaelekea barabara yenye matuta bila kunitazama. Tuta la kwanza alilipanda polepole. La pili kwa kasi zaidi. Nilikuwa nimeshika mlango, nasikiliza kwa mwili mzima. Tulipofika la saba akasimama, akashuka, akapiga goti nyuma kulia na kupitisha kidole ubavuni mwa tairi.

Kidole kilitoka na vumbi tupu. Akakifuta kwenye shuka yake, akazunguka kwenda kukagua la kushoto.