Kowboi mu salo ya Kamalondo

Mugeni akiingia kwangu anaulizaka ile ile: juu ya nini ukutani, hapa Lubumbashi, hakuna mamba muntu, ile muke nusu samaki, hakuna Colonie Belge, ile ya fimbo ya wabelgiji, paka wazungu wa kofia kubwa juu ya farasi? Sawa, leo naandika, nimechoka kueleza kila mutu na yake.

Mi nakusanyaka tablo za Magharibi ya Marekani, ile ya zamani, ya kowboi, nyati na Wahindi wekundu. Za orijino sahau kabisa. Tablo ya Charles Russell yenye kuitwa Piegans iliuzwa mu mnada 2005 ikapita dola milioni 5, mi hata kadre yake siwezi. Basi nafanya hivi: natafuta picha safi mu intaneti, makumbusho mingi ya kule wanaziachia watu bure maana wachoraji wenyewe walikufa zamani, Remington 1909, Russell 1926, kisha napeleka simu kwa muzee moja, mchoraji wa mutaa ya Katuba, anichoree kwa rangi ya mafuta. Chini anaandika jina yake yeye, hapana ya marehemu. Hapo sichezi, juu majina ya wale wawili njo watu wanayabandika sana ku tablo za uongo.

Shida ni farasi. Muzee amechora watu, mamba, treni, askari wa Force Publique, ile jeshi ya koloni, lakini farasi hajamuzoea, basi miguu yote anaificha mu majani marefu. Kundi muzima ya farasi, kwato hata moja hauoni! Nikamwambia muzee, hapa ni Montana wakati wa baridi, kuna theluji, majani yanatoka wapi? Akanijibu: "Ah, theluji nayo inafunika miguu, mwanangu, aksanti kunikumbusha."

Na theluji njo ilimutoa Russell. Alifika Montana 1880, hajafika hata miaka 16, akafanya kazi ya kuchunga ng'ombe za watu. Ile baridi ya 1886 kuingia 1887 ilikuwa mbaya, ng'ombe zikakufa kwa maelfu, na wenye mali wakaandika barua kuuliza hali ya mifugo iko namna gani. Russell akachukua kakaratasi, akachora ng'ombe moja mifupa tupu, anasimama mu theluji na mbwa mwitu wanamungojea aanguke. Njo ilikuwa jibu. Rangi ya maji, kadogo hivi, hata si mafuta, lakini ikatembea mukono kwa mukono mpaka jina yake ikajulikana.

Frederic Remington yeye alikuwa mutu wa New York. Anaenda Magharibi, anachora, anarudi nyumbani kumalizia. Kwa mukono ni fundi, sikatai, na zile tablo zake za usiku za miaka ya mwisho, mwangaza ya mwezi ikiwa kijani-kijani, mi naweza kuziangalia mpaka chai inapoa. Ila ku ile Magharibi yake mara mingi uko upande wa askari, unakimbia naye. Kwa Russell mara mingi ni wenyeji wenyewe wako mbele, juu ya kilima, inchi ni yao, na muzungu hata haonekani. Mutu aliyelala inje na ng'ombe miaka anachora tofauti, hii ni maoni yangu, mwenye kukataa akatae.

Kitu ingine: nyati wale Russell alichora kwa mamia, miaka ya 1880 walikuwa karibu kuisha kabisa. Alikuwa anachora kitu imeshaenda. Njo pale namuona ndugu ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wetu wa hapa, mwenye alichora historia ya inchi yote, tablo zaidi ya 100, kwa Johannes Fabian, muzungu mutafiti wa desturi za watu, mu 1973 na 1974, juu ya kitambaa ya mifuko ya unga. Tablo za namna ile watu wa hapa walikuwa wananunua watundike mu salo, wakumbuke Lumumba, wakumbuke fimbo ya mubelgiji. Za Russell nazo zilijaa mu baa, ile ya Mint kule Great Falls ilikuwa na mingi. Leo za Mint ziko mu makumbusho ya Amon Carter, Fort Worth, za Tshibumba ziko Amsterdam. Za walevi na za namna ya salo, zote zimeenda kukaa mu klima, ile mashini ya baridi.

Kwa wenye kutaka kuanza: angalieni na lupe, ile kioo ya kukuza. Kama unaona vidoti-vidoti vya wino, ile ni foto ya mashini juu ya kitambaa, hata wakupakie vernisi namna gani. Na mafuta haikauki mbio, mu kiangazi vumbi yetu nyekundu inakuja kulala mu mawingu ya Montana, lakini usiifungie gizani kuikinga, mafuta inageuka manjano.

Sasa niko nabembeleza muzee anifanyie usiku moja ya Remington. Yeye anataka makuta ya rangi kwanza, mi nataka kwanza anionyeshe ni kijani gani atanunua. Tuko palepale tangu juma iliyopita.